Mtoto wa Mgeni Mlangoni mwa Darasa la Awali
Mada kwa viongozi wa walei na wazazi, Majimoto





Watu wengi wamezoea kuiona kazi ya Haki na Amani kuwa ni kushughulikia mambo makubwa tu: uchaguzi, rushwa, mirathi ya wajane, na magomvi ya wakulima na wafugaji. Mada yetu ya leo yaweza kuonekana ndogo mbele ya hayo. Inamhusu mtoto wa miaka mitano ambaye familia yake imehamia kwetu hivi karibuni, naye amefikishwa kwa mara ya kwanza kwenye mlango wa darasa la awali. Pamoja na udogo wake, hapo mlangoni ndipo haki inapoanza au inapokosekana. Mtoto akipokewa vema siku hiyo, kijiji kimepata mwana. Akirudi nyumbani amevunjika moyo na asitake kurejea, kijiji kimejipatia mtu mzima wa kesho asiyejua kusoma, na asiyekuwa na sababu ya kukiona kijiji hiki kuwa ni chake.

1. Wahamiaji ni akina nani?

Bonde la Rukwa ni nchi ya Wapimbwe tangu zamani, na majirani zao wa karibu ni Wafipa, Wakonongo na Warungwa. Kuanzia miaka ya 1970, familia nyingi za Wasukuma zilianza kuteremka kutoka pande za Shinyanga, Mwanza na Tabora pamoja na mifugo yao, zikitafuta malisho na ardhi ya kulima. Wengine walifuata ndugu zao waliotangulia, na wengine walivutwa na mashamba ya mpunga. Uhamaji huo haujakoma. Kwa hiyo, tunaposema "wahamiaji" hapa Majimoto, kwa sehemu kubwa hatusemi juu ya watu wa nchi nyingine. Hao ni raia wenzetu, na Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika ibara ya 17, inampa kila raia uhuru wa kwenda na kuishi popote katika nchi yetu.

Hata hivyo, uraia mmoja hauondoi ugeni. Familia nyingi zilizohamia hujenga mbali na kitovu cha kijiji, karibu na malisho au mashamba. Mtoto hukua akisikia Kisukuma asubuhi hadi jioni, na wenzake wa kucheza ni ndugu zake na watoto wa jirani wa lugha hiyo hiyo. Kiswahili hukisikia kwa mbali, sokoni au redioni. Halafu siku moja anapelekwa mahali ambapo kila kitu, kuanzia amri ya kukaa hadi ruhusa ya kwenda haja, husemwa kwa Kiswahili.

2. Mtoto huyo anakutana na nini?

Kwanza anakutana na ukimya wake mwenyewe. Mtoto anayejifunza lugha ya pili mara nyingi hunyamaza kwa majuma kadhaa, hata miezi. Katika kipindi hicho anasikiliza, anatazama wenzake wanavyofanya, na anakusanya maneno kabla ya kuthubutu kuyatamka. Mtu asiyelijua jambo hilo humwona mtoto kuwa mzito wa akili. Akiitwa mjinga mbele ya darasa, kunyamaza kwake hugeuka woga, na woga humfanya adai kwamba tumbo linamwuma kila asubuhi.

Pili, anakutana na kicheko. Watoto wenzake humcheka anapochanganya maneno, na jina lake la nyumbani huwa mzaha. Kicheko hicho hawakukizua wao. Mtoto wa miaka mitano hurudia yale anayoyasikia jikoni na kwenye vilabu vya pombe, wazee wanapowataja "hawa watu wa ng'ombe".

Tatu, anakutana na umbali. Wakati wa masika vijito vinavyoshuka kuelekea mto Kavuu hujaa, na njia ambayo kiangazi ni ya kutembea tu huwa ya hatari kwa mtoto mdogo. Wazazi hupima hatari hiyo, na wengine huamua kungoja hadi mtoto awe mkubwa. Hapo ndipo tunapokuta mtoto wa miaka minane au tisa akianza shule pamoja na wa miaka mitano au sita, au asianze kabisa kwa kuwa sasa ana nguvu za kuchunga.

Mambo hayo matatu yakijumlishwa, mtoto huanza shule akiwa nyuma ya wenzake. Atakayeingia darasa la kwanza bila Kiswahili atajifunza kusoma maneno asiyoyaelewa. Ataimba herufi pamoja na wenzake, lakini hazitakuwa na maana kwake, na miaka inavyosonga ataachwa nyuma zaidi.

3. Haki yake inatoka wapi?

Mtoto huyu haombi hisani. Mwaka 1991 nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, unaokataza ubaguzi kwa sababu ya lugha au asili ya mtoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo imekataza ubaguzi na kuitambua haki ya mtoto ya kupata elimu. Elimu ya awali iliingizwa rasmi katika mfumo wetu na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995. Sera ya mwaka 2014 ikaufanya mwaka mmoja wa awali kuwa wa lazima, na tangu Januari 2016 elimu ya awali katika shule za Serikali hutolewa bila ada. Kwa hiyo mzazi anayemleta mtoto wake darasani anatimiza wajibu wake, na anayempokea anatimiza wa kwake.

Sisi waamini tunao msingi mwingine zaidi. Taifa la Israeli liliagizwa kutomwonea mgeni, kwa sababu wao wenyewe walikuwa wageni katika nchi ya Misri. Bwana wetu alipokuwa bado mtoto mdogo alichukuliwa usiku na wazazi wake kukimbilia nchi ile ile, akaishi kati ya watu wa lugha nyingine. Tunapofundisha Injili ya hukumu ya mwisho katika jumuiya zetu, tunafundisha kwamba Kristo amejihesabu mwenyewe kuwa yule mgeni aliyekaribishwa au aliyefungiwa mlango. Itakuwa ajabu tukilisoma fundisho hilo kanisani Jumapili, na Jumatatu tukamcheka mtoto mgeni shuleni.

4. Malalamiko ya wenyeji yasikilizwe mahali pake

Hatuwezi kuzungumza juu ya ukarimu huku tukiziba masikio kwa malalamiko ya wenyeji. Yapo, na mengine ni ya haki. Mpunga wa mtu umeliwa na mifugo. Miti imekatwa ili kufungua mashamba mapya. Mzee wa Kipimbwe anatazama lugha yake ikisikika kwa wachache kila mwaka, naye anauliza: "Tukiendelea kuwakaribisha, wajukuu zetu watabaki na nini?" Swali hilo si la chuki, nalo lastahili jibu.

Jibu letu ni kwamba kila shauri lina mahali pake. Mgogoro wa ardhi una baraza la ardhi la kijiji, lililowekwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Uharibifu wa mazao una mwenyekiti wa kitongoji, mtendaji wa kijiji, na hatimaye mahakama. Yeyote aliyeharibiwa shamba lake aende huko, nasi tutamsindikiza kwa sababu hiyo ni kazi yetu. Lakini darasa la awali si baraza la ardhi. Mtoto wa miaka mitano hana ng'ombe aliyekula mpunga wa mtu. Kumlipiza kisasi kwa jina baya, kwa kumnyima nafasi mkekani, au kwa kumtenga wakati wa uji, ni kumhukumu asiyekuwa na kesi.

Aidha, kumpokea mtoto wa Kisukuma kwa lugha yake hakumpunguzii kitu mtoto wa Kipimbwe. Mwalimu akiruhusu salamu moja ya Kisukuma asubuhi, ataruhusu pia hadithi ya bibi wa Kipimbwe mchana. Darasa linaloiona lugha ya nyumbani kuwa ni aibu linaziaibisha lugha zote mbili. Darasa linaloiheshimu moja limeifungulia mlango na ya pili.

5. Mkoa wetu una historia ya kupokea

Wapo wanaodhani kwamba kumpokea mgeni ni fundisho jipya lililoletwa na semina za siku hizi. Historia ya Katavi yenyewe inakanusha. Wamisionari wa Afrika waliingia Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1885. Mwaka 1889 alifika hapo Adrian Atiman, kijana aliyezaliwa Afrika Magharibi, katika nchi ya mto Niger. Aliuzwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa, akasomea utabibu kisiwani Malta. Hakuwa na ndugu Karema wala hakuijua lugha ya huko. Alipokewa, akaoa binti wa huko, akawa tabibu na katekista hadi alipofariki mwaka 1956. Leo hospitali kule Sumbawanga inaitwa kwa jina lake. Watu wa Karema wangalimwona kuwa ni mgeni tu, ziwa lile lingalikosa tabibu kwa zaidi ya miaka 60.

Karibu zaidi na nyakati zetu, machafuko ya Burundi ya mwaka 1972 yaliwaleta watu wengi katika iliyokuwa Wilaya ya Mpanda. Makazi ya Katumba yalianzishwa mwaka 1973, na Mishamo mwaka 1978. Watoto wao, waliozungumza Kirundi nyumbani, walifundishwa katika shule za msingi zilizofuata mtaala wa Tanzania. Baada ya uamuzi wa Serikali wa mwaka 2007, watu zaidi ya 160,000 wa makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu walikubaliwa uraia. Uraia huo uliandikwa katika karatasi kwa mkono wa Serikali, lakini ulikuwa umekwisha kuanza kujengwa miaka mingi kabla, kwenye madawati, pale watoto walipojifunza kuhesabu kwa lugha ya nchi iliyowapokea.

6. Mambo tunayoweza kutenda

Hatupendekezi kwamba darasa la awali lifundishwe kwa Kisukuma. Lugha ya kufundishia ni Kiswahili, na kimetuunganisha sote. Tunalopendekeza ni daraja la kumvusha mtoto kutoka lugha ya mama yake hadi Kiswahili. Mengi ya kulijenga daraja hilo hayahitaji fedha.

(a) Jina. Mwalimu alijue jina la mtoto na kulitamka sawasawa. Jina linaloanza na sauti ya Ng'w lisibadilishwe kwa sababu ya uzito wa ulimi wa anayeliita. Mwalimu anayejua kwamba Kulwa na Doto ni majina ya mapacha, na kwamba Shija huzaliwa baada ya mapacha, amekwisha kuijua nyumba ya mtoto huyo kabla hajamwuliza swali lolote.

(b) Salamu na maneno machache. Mwalimu akisema "mwangaluka" asubuhi, uso wa mtoto utafunguka. Tena lugha hizi ni ndugu. Ng'ombe ni ng'ombe kwa Kisukuma na kwa Kiswahili. Mbuzi huitwa mbuli, na mvua huitwa mbula. Katika kuhesabu, mtoto anayejua bili, datu na tano hayuko mbali na mbili, tatu na tano. Yeye hakuja mtupu, bali amekuja na nusu ya safari.

(c) Mwenzi wa lugha. Kila mtoto mgeni apewe mwenzake anayezijua lugha zote mbili, wakae pamoja mkekani na kwenda pamoja kunywa maji. Katika madarasa yetu watoto wa namna hiyo wapo, kwa kuwa familia zilizotangulia kuhamia zimekwisha kuwa na watoto waliozaliwa hapa.

(d) Mama darasani. Kwa siku chache za kwanza mama, bibi au dada mkubwa aruhusiwe kukaa karibu. Baadaye aalikwe kuja kusimulia hadithi au kufundisha mchezo wa nyumbani. Mama ambaye hajawahi kwenda shule akionekana amekaa kwa heshima mbele ya darasa, watoto wote watajifunza jambo lisiloandikwa ubaoni.

(e) Vitu kabla ya vitabu. Punje za mahindi, kokoto, vijiti na udongo wa kufinyanga ng'ombe havina lugha. Mtoto anayepanga kokoto tano anaweza kuonyesha akili yake kabla ya kupata maneno ya kuielezea. Nyimbo za vitendo nazo humfundisha neno na maana yake kwa pamoja.

(f) Msaidizi kutoka kijijini. Kuanzia mwaka 2015, katika mikoa kadhaa ikiwemo Tabora, Shinyanga na Dodoma, ulifanyika mpango wa utayari wa kwenda shule. Humo wasaidizi waliotoka katika jamii zenyewe waliwaandaa watoto kwa hadithi na michezo kabla ya kuanza darasa la kwanza, wakiwalenga hasa wasiokizoea Kiswahili. Nasi tunao vijana waliomaliza kidato cha nne, wanaojua Kisukuma na Kiswahili, na wanakaa bila kazi. Jumuiya zaweza kuafikiana na mwalimu mkuu na kamati ya shule ili kijana mmoja asaidie asubuhi.

(g) Umbali. Pale ambapo vitongoji viko mbali sana, kijiji kiombe shule shikizi kwa njia halali. Mwaka 2021 Serikali ilitenga fedha za kujenga vyumba 3,000 vya madarasa katika shule shikizi nchini, kwa hiyo wazo hilo si geni kwa viongozi wetu. Wakati wa masika wazazi wapange zamu za kuwavusha watoto.

(h) Vyeti vya kuzaliwa. Familia iliyohama mara nyingi huwa na watoto wasioandikishwa. Tusikifanye cheti kuwa ukuta. Viongozi wa jumuiya wamsaidie mzazi kukitafuta, na wakati huo mtoto aendelee kukaa darasani.

7. Wajibu wa familia zilizohamia

Haki ina pande mbili. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawakuwa na nia ya kumtesa mgeni. Walijua kwamba anayepewa jembe amehesabiwa kuwa mtu wa nyumbani, kwa sababu mtu halimi shamba la nyumba asiyoihesabu kuwa yake. Kwa hiyo tunawaomba ndugu zetu waliohamia walipokee jembe hilo. Wajitambulishe kwa mwenyekiti wa kitongoji. Wamlete mtoto kila siku, wa kiume na wa kike, wala wasimtoe shuleni kwenda kuchunga pale kijana mkubwa anapokosekana. Wachangie uji wa watoto kadiri ya makubaliano ya kikao cha wazazi, wakijua kwamba maziwa, mchele na mahindi ni mchango kama fedha, na kwamba mtoto hafukuzwi kwa sababu ya mchango wa mzazi wake.

Nasi wenyeji tusiwape jembe la kulimia tu, tuwape na kiti cha kuketi. Kamati ya shule isiyokuwa na mzazi hata mmoja kutoka familia zilizohamia itawasemea watu bila kuwasikia. WAWATA wanaweza kuanza: wawatembelee akina mama wa vitongoji vya mbali mwezi mmoja kabla ya uandikishaji, wawili wawili, mmoja wao akiwa anajua Kisukuma. Ziara ya namna hiyo huondoa woga kuliko matangazo mengi ya ubaoni.

Ndugu wapendwa, amani kati ya mkulima na mfugaji hutafutwa sana katika vikao vya wazee, mara nyingi damu ikiwa imekwisha kumwagika. Tunaamini kwamba ipo njia ya mapema zaidi na ya gharama ndogo. Watoto wawili waliogawana kokoto za kuhesabia wakiwa na miaka mitano, wakajua kila mmoja jina la mwenzake na la mama yake, watakapokutana mpakani mwa shamba wakiwa watu wazima watakuwa na mahali pa kuanzia mazungumzo. Wasiojuana watakuwa na fimbo tu. Uandikishaji wa darasa la awali unapofika, kila jumuiya ijiulize ni watoto wangapi wa familia zilizohamia walio katika eneo lake, na ni nani atakayewashika mkono hadi mlangoni.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya Ndogo Ndogo

1. Katika kitongoji chetu, ni familia zipi zilizohamia karibuni zenye watoto wa umri wa darasa la awali? Nani amekwisha kuzitembelea?
2. Ni maneno gani tunayoyatumia nyumbani juu ya wageni, ambayo watoto wetu huyapeleka shuleni?
3. Ni malalamiko gani ya ardhi au ya mifugo yanayohitaji kupelekwa kwenye baraza linalohusika, ili yasiwaangukie watoto?
4. Jumuiya yetu inaweza kutenda jambo gani moja kabla ya uandikishaji ujao, na nani atalisimamia?